Tuzo ya wahitimu wa zamani: namna ya kuiandaa Lubumbashi ili iwe na uzito

Mwongozo huu ni kwa komite ya wahitimu wa zamani wa chuo chochote cha Lubumbashi, kiwe chuo kikuu cha kule Kasapa, taasisi ya ualimu, ya biashara, ya ufundi au ya uuguzi, inayotaka kuwaheshimu kila mwaka watu waliokaa kwenye mabenchi yale yale na kisha wakafanya kazi ya maana. Mji huu umetoa madaktari, mainjinia wa migodi, mahakimu, waalimu na waandishi kwa zaidi ya miaka 60. Wengi wao wanazeeka, na wengine wamekwisha kufa, bila mtu wa chuo chao kuwaambia asante mbele ya watu. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu naandika.

Lakini nimehudhuria pia sherehe za namna hii ambako kila mtu ukumbini alimjua mshindi kabla fomu hazijachapwa, kwa kuwa ndiye aliyelipia hema, chakula na bia. Tuzo ya hivyo haimpi mtu heshima yoyote, hata huyo anayeipokea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu inahusu kazi inayofanyika kabla ya siku ya sherehe: kanuni, kutafuta majina na kuhakiki. Sherehe yenyewe nitaipitia kwa haraka, maana hiyo tayari tunaijua vizuri.

Anzeni miezi minane kabla. Mkitaka sherehe iwe Julai au Agosti, kikao cha kwanza kifanyike Novemba, mvua zinapoanza.

Hatua ya kwanza: kanuni kabla ya majina

Kikao cha kwanza kisitaje jina la mtu hata mmoja. Jina likishatajwa, kila kanuni itaandikwa kwa kumtazama huyo: wanaompenda wataipinda imwingize, wasiompenda wataipinda imtoe. Andikeni kurasa mbili au tatu, wanakomite wote watie sahihi, nakala moja ipelekwe kwa rekta au mkurugenzi mkuu wa chuo, nyingine ibandikwe mahali wanafunzi wanapoweza kuisoma.

Swali la kwanza la kanuni ni hili: nani ni wa kwetu? Kwa historia ya Lubumbashi, swali hilo si jepesi. Chuo kikuu kilianza kufundisha hapa mwaka 1956, mji ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vile vya Kinshasa na Kisangani, vyote vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA. Mwaka 1981 kikasimama tena peke yake, sasa kwa jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika miaka ile kumi vitivo vilihamishwa mji hadi mji, kwa hiyo yuko mtu aliyeanzia Kinshasa akamalizia Lubumbashi, na yuko aliyepita njia ya kinyume. Kisha kuna Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa usiku ndani ya kampasi. Kuna 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na vijana wao wakaacha masomo katikati au wakaenda kuyamaliza kwingine.

Nashauri kanuni iseme wazi kwamba aliyesoma angalau mwaka mzima, akaondoka kwa sababu zisizo zake, ahesabiwe kuwa wa kwetu. Mtu aliyeondoka na mizigo yake kwenye gari moshi mwaka 1993 hastahili kuambiwa leo kwamba hakumaliza.

Upande wa pili, msijichukulie wasio wenu. Kila chuo cha mashariki mwa Kongo kingependa kumwita Dokta Denis Mukwege mtoto wake, hasa tangu apewe Nobeli ya Amani mwaka 2018. Lakini udaktari aliusomea Burundi, na magonjwa ya wanawake akayabobea Angers, Ufaransa. Kama mtu mkubwa hakupita kwenu, mnaweza kumwalika azungumze na wanafunzi. Tuzo ya wahitimu haimhusu.

Swali la pili ni nani hawezi kupewa, hata akiwa wa kwetu. Hapa ndipo komite nyingi huogopa, na hapa ndipo tuzo hufa au huishi. Andikeni mambo haya bila kuzunguka:

Mtu aliye madarakani sasa, yaani waziri, gavana, mbunge, meya au mkuu wa kampuni ya serikali, angoje mpaka atoke kwenye kiti. Haina maana kwamba amekosa. Ina maana kwamba akiwa pale hatuwezi kupima kazi yake kwa utulivu, na watu hawataamini kwamba tulipima.

Mtu aliyechangia pesa kwa chuo au kwa komite katika miaka miwili iliyopita asiingie kwenye orodha ya mwaka huo.

Mwanakomite, mwanajopo, mke wake, mume wake, mtoto, ndugu, shemeji: hapana, mpaka mhusika aache kazi ya komite.

Kanuni hii ya pili ni ngumu kuitetea mbele ya wazee wanaosema, "Sasa huyu aliyejenga maktaba, tusimshukuru?" Jibu ni kwamba atashukuriwa, kwa barua nzuri na kwa kibao chenye jina lake ukutani mwa maktaba. Ile ni shukrani ya msaada, na hii ni heshima ya kazi. Zikichanganywa, mwaka wa tatu hakuna atakayependekeza mwalimu wa mbali kule Mitwaba, maana watu watajua tuzo ina bei.

Hatua ya pili: aina chache za tuzo

Tuzo tatu zinatosha. Ya kwanza kwa kazi ya maisha, kwa mtu mwenye miaka 25 au zaidi tangu amalize. Ya pili kwa kijana ambaye hajafikisha miaka kumi tangu apate diploma. Ya tatu kwa kazi ya jamii, ambayo mtu haifanyi kwa mshahara. Zikifika kumi na mbili, ukumbi unachoka na kila mshindi anapigiwa makofi ya mkono mmoja.

Mnaweza kuongeza ya nne, ya hiari, kwa mtu ambaye hakuwa mwanafunzi wenu lakini alikijenga chuo: profesa, mtunza maktaba, mlinzi wa lango aliyekaa miaka thelathini. V. Y. Mudimbe, kwa mfano, hakusomea Lubumbashi. Alifundisha hapa miaka ya 1970, na vizazi vizima vya kitivo cha barua, yaani cha lugha na fasihi, vinaongea juu yake hadi leo. Mtu wa namna hiyo anahitaji mlango wake.

Chungeni pia kwamba mainjinia na madaktari wasimeze kila kitu. Katika mji wa shaba ni rahisi kudhani kwamba kufaulu ni kuajiriwa na kampuni kubwa ya mgodi. Lakini waliopitia Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kulipeleka jina la mji huu mbali ni pamoja na Sammy Baloji, mpiga picha na msanii, na Fiston Mwanza Mujila, mwandishi anayeishi Graz, Austria. Mwaka mmoja ukimpa heshima injinia, mwaka unaofuata itazameni sana sehemu ya barua, sheria, kilimo na ualimu.

Jambo moja la kukwepa kabisa: komite ya wahitimu haitoi udaktari wa heshima. Huo hutolewa na chuo kikuu chenyewe, kwa taratibu zake. Ukiona chama kinagawa vyeti vyenye neno "Dokta" kwa watu wanaolipia, kaa mbali nacho, na jina la chuo chenu lisionekane karibu yake.

Hatua ya tatu: jopo

Watu saba, tofauti na komite inayoandaa sherehe. Watoke promosheni, yaani makundi ya waliomaliza mwaka mmoja, za vipindi mbalimbali: angalau mmoja aliyemaliza kabla ya 1980, na angalau wawili waliomaliza baada ya 2010. Wanawake wasipungue watatu. Mmoja awe mtu wa nje, hakimu mstaafu au mkuu wa shule anayeheshimika, asiyekuwa na deni na mtu yeyote chuoni. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho akae kama shahidi, asikilize kila kitu, asipige kura. Nimeona uwepo wa mwanafunzi ukitengeneza mazungumzo ya wazee kuliko kanuni yoyote.

Kuna jambo ambalo Lubumbashi tunalijua na hatupendi kulisema. Jopo likiwa la watu wa asili moja, hata wakichagua kwa haki, mji utasema wamechaguana. Changanyeni watu kwa makusudi. Kwenye fomu ya mapendekezo, kinyume chake, msiweke nafasi ya kuandika kabila wala mkoa wa asili. Jopo lionekane lina watu wa kila upande. Mgombea apimwe kwa kazi yake tu.

Hatua ya nne: kutafuta majina

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye tuzo, mambo huenda vingine: chema kimekaa Pweto kinatibu watoto bila mtandao wa simu, na anayejitembeza ndiye anayejaza fomu siku ya kwanza. Mkitangaza tu na kungoja, mtapata majina ya watu wenye wasaidizi wa kuwaandikia. Komite lazima itoke.

Gaweni kazi hivi. Tangu 2015 Katanga ya zamani ni mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila mkoa uwe na mtu mmoja anayewajibika kuleta mapendekezo yasiyopungua matano. Huyo wa Tanganyika apige simu Kalemie, Manono na Moba. Wa Haut-Lomami aanze na Kamina na Bukama. Mtu wa tano awashughulikie walio nje: Zambia, Afrika Kusini, Ubelgiji na kwingineko.

Msitegemee makundi ya WhatsApp peke yake. Yanafaa, lakini yana watu wale wale. Pelekeni tangazo kwenye redio za mji na za mikoani, kwenye parokia na makanisa mengine, na kwa madaktari wakuu wa zoni za afya. Pelekeni pia kwa wakuu wa shule na mabaraza ya mawakili. Swali la kumwuliza mkuu wa hospitali lisiwe "Je, una mtu wa kupendekeza?" Ukimwuliza hivyo, atajitaja mwenyewe au ataje mkubwa wake. Mwulize: "Hapa kwenu, kazi ikiwa ngumu mnamwita nani?" Jina atakalolitaja bila kufikiri ndilo la kuandika.

Tafuteni wanawake kwa juhudi ya pekee. Katika promosheni za zamani walikuwa wachache, na wengi wanajulikana leo kwa jina la mume au kama mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, wakati daftari la chuo lina jina la baba. Mtu anaweza kuwa jirani yako kule Katuba miaka ishirini, usijue kwamba ndiye yule aliyekuwa wa kwanza kwenye palmare, ile orodha ya matokeo, ya mwaka wake.

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mtu asijipendekeze mwenyewe. Maswali yawe machache: jina la sasa na jina la wakati wa masomo, kitivo au sehemu, mwaka wa kumaliza, kazi gani amefanya, wapi, tangu lini, nani amefaidika na kazi hiyo, majina na simu za watu watatu wanaoijua kazi hiyo, ambao si ndugu zake. Anayependekeza aandike pia anamjuaje mgombea. Aachiwe uhuru wa kupeleka maelezo kwa sauti ya simu kama kuandika kunamlemea, na mtu wa komite ayaandike.

Dirisha la mapendekezo likae wazi wiki nane. Wiki ya sita, kaeni mhesabu: majina mangapi ya wanawake, mangapi ya nje ya Lubumbashi, mangapi ya sehemu ya barua na ualimu? Palipopungua, rudini kutafuta. Msiongeze muda kwa sababu ya mtu mmoja aliyechelewa.

Hatua ya tano: uhakiki

Hii ndiyo kazi inayochosha zaidi, na haionekani. Ifanyike hata kwa mtu ambaye mji mzima unamjua. Kuanzia hapa hadi mwisho, majina yakae ndani ya jopo.

Anzeni na masomo. Ofisi ya apariteri ndiyo inayoshika majina ya walioandikishwa. Palmare za deliberasheni, yaani vikao vya kupitisha matokeo, zinaonyesha waliofaulu. Sekretari mkuu wa masomo anaweza kuthibitisha diploma. Ombeni kwa barua rasmi, mapema, na mpeleke mtu mvumilivu. Kwa wazee, jihadharini na majina. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakachukua majina mengine ya kienyeji, na baadaye wengi wakarudia yale ya ubatizo. Kwa hiyo Joseph wa mwaka wa kwanza 1970 hana tena jina la Joseph kwenye diploma ya 1974, na leo kitambulisho chake huenda kina majina yote matatu. Tafuteni kwa jina la ukoo, kwa mwaka wa kuzaliwa na kwa majina ya wenzake wa promosheni. Aliyemaliza kati ya 1971 na 1981 diploma yake itaandikwa UNAZA, na jimbo litaitwa Shaba. Kijana wa komite asiyejua hayo anaweza kudhani karatasi ni ya uongo.

Kumbukeni pia tofauti za diploma. Kwa miaka mingi graduati ilikuwa ya miaka mitatu, na lisansi miwili juu yake. Kisha mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) ukaanza. Mwenye graduati ni mhitimu kamili. Asidharauliwe kwa kuwa hakufika lisansi.

Baada ya masomo, kazi. Wapigieni wale mashahidi watatu, kila mmoja peke yake. Kisha mtafuteni wa nne ambaye hakutajwa kwenye fomu: muuguzi wa zamu ya usiku, mzazi wa mwanafunzi, karani wa mahakama. Mgombea akiwa karibu, Kipushi, Likasi au Ruashi, watu wawili waende waone kwa macho. Shule inayosemwa amejenga, ina madarasa mangapi, na watoto wanasoma humo leo au limebaki jengo?

Halafu sehemu isiyopendeza. Ulizeni kama ana kesi ya wizi wa mali ya umma, ya kumdhulumu mwanamke, ya kuuza alama kwa wanafunzi. Msiulize redioni wala kwenye kundi la simu. Watu wawili wa jopo waulize kwa siri na waandike walichosikia kutoka kwa nani. Uvumi mmoja usimwangushe mtu. Malalamiko yanayolingana kutoka kwa watu watatu wasiojuana, mtu huyo awekwe kando mwaka huo, bila kutangaza.

Hatua ya sita: kura

Kila mwanajopo asome faili zote nyumbani na atoe alama kabla ya kikao, kwa maandishi. Mkikutana bila alama, mzee wa kwanza kusema ndiye atakayechagua. Kwa alama 100, mgawo wangu ni huu: 40 kwa faida iliyowafikia watu, 25 kwa ubora wa kazi katika fani yake, 20 kwa ugumu wa mazingira aliyofanyia, 15 kwa namna anavyowainua wengine, wakiwemo vijana wa chuo. Ugumu wa mazingira usipewe sifuri. Daktari wa Brussels na daktari wa Malemba-Nkulu hawakukimbia njia moja.

Wenye alama za juu watatu kwa kila tuzo ndio wajadiliwe. Anayemjua mgombea kwa karibu atoke nje mjadala huo ukifika kwake, na katibu aandike kwamba alitoka. Mwisho, kura ya siri. Kama kwenye aina fulani hakuna aliyefikia alama 60, tuzo hiyo isitolewe mwaka huo. Kuiacha wazi mara moja kutawafanya watu waiheshimu.

Hatua ya saba: kumjulisha mshindi na familia

Apigiwe na mwenyekiti mwenyewe, jioni, wakati mtu ametulia. Msianze na neno tuzo. Salimieni kama watoto wanavyomsalimia mzazi: "Jambo sana, mama. Tuko batoto yenu ya ku chuo." Mwache aulize habari za chuo, wengi wataanza kuulizia profesa fulani, au jengo fulani kama bado lipo. Ndipo mseme. Kisha barua iliyotiwa sahihi imfuate, yenye tarehe, mahali, nani atalipia safari na malazi, na ahadi kwamba hatadaiwa chochote. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu hapa kwetu mtu akisikia amepata tuzo huuliza moyoni: watataka pesa ngapi?

Akikataa, mheshimu uamuzi wake na usimtangaze.

Kwa marehemu, kuna kazi ya ziada. Nani apokee: mjane, mtoto mkubwa, au ndugu wa baba? Familia nyingi zina ugomvi wa urithi, na kibao cha shaba kinaweza kuwa kuni mpya kwenye moto huo. Waiteni pande zote mapema, wakubaliane wenyewe kwa maandishi, na jukwaani apande mtu mmoja tu. Wasipokubaliana, tuzo isomwe hadharani na kibao kibaki chuoni, ukutani, pale familia yote inapoweza kuja kukitazama.

Hatua ya nane: pesa na kitu cha kupewa

Mwaka 1821, huko Marekani, wahitimu wa Williams College waliunda chama chao, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake nchini humo. Mkuu wa chuo alikuwa ameondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha kingine kule Amherst, na wengi walidhani Williams itafungwa. Wahitimu waliungana kukiokoa. Kwa hiyo si aibu wahitimu kuombana pesa kwa ajili ya chuo; vyama hivi vilizaliwa na haja hiyo. Ila pesa ziingie kwa mlango wake. Kiasi kidogo kutoka kwa watu wengi, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa namba ya komite na si ya mweka hazina. Kampuni ikitaka kudhamini, ikubaliwe kwa masharti mawili: haigusi uchaguzi, na mkurugenzi wake hagombei mwaka huo. Hesabu za dola na za franka zisomwe zote mbili mwisho wa kazi, mbele ya wachangiaji.

Mkitaka kudumu na kufungua akaunti ya benki kwa jina la chama, jiandikisheni kama ASBL, yaani chama kisicho cha faida, kwa sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001. Huchukua muda. Anzeni mapema.

Kuhusu kitu cha kupewa, msiagize vikombe vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Mafundi wa Lubumbashi wanafua mukuba, yaani shaba, kwa nyundo mpaka utoe sura ya mtu, na wanachonga malakiti ya kijani inayotoka ardhini hapa hapa. Msalaba wa shaba uliotumika kama pesa katika nchi hii kabla ya wakoloni ni umbo zuri sana kwa kibao. Agizeni miezi miwili kabla, toeni nusu ya malipo, na jina la mshindi liandikwe na mtu mmoja, lisomwe na mwingine, kisha na mshindi mwenyewe, kabla fundi hajashika nyundo. Herufi moja ikikosewa kwenye shaba, haifutiki.

Hatua ya tisa: maneno ya sifa

Kibao kinakaa ukutani. Maneno yanayosomwa ukumbini ndiyo yanayobaki kwa wanafunzi. Yawe ya dakika tatu. Toeni "mchapakazi", "mnyenyekevu" na "mzalendo", maana kila mtu huitwa hivyo siku ya mazishi. Wekeni kazi yenyewe. Kwa mfano:

"Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanafunzi. Mama huyu alimaliza uuguzi katika chuo hiki mwaka fulani, akapelekwa kwenye kituo cha afya ambacho hakikuwa na kitanda cha kuzalishia. Mwaka wa kwanza aliwafundisha wakunga wa kijiji kutambua hatari ya damu nyingi. Mwaka wa tatu alipata baiskeli mbili za kubebea wagonjwa. Leo wanawake wanatoka vijiji vya mbali kuja kuzalia kwake, na watatu kati ya wale aliowafundisha wanaongoza vituo vyao wenyewe. Tulikwenda. Tuliona. Kwa kazi hiyo, wahitimu wenzake wanampa tuzo hii."

Mshindi asomewe maandishi hayo siku chache kabla. Atawasahihisha mwaka, jina la kijiji, na mara nyingi atataja mwenzake aliyesahauliwa. Mwongezeni.

Hatua ya kumi: siku yenyewe

Fanyeni kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ili mvua isiharibu na njia za mikoani zipitike. Juni na Julai jioni ni baridi, kwa hiyo anzeni saa nane mchana. Kwepeni wiki ya 30 Juni, siku ya uhuru. Jenereta iwepo na mafuta yake, ijaribiwe asubuhi ile ile.

Nusu ya viti iwe ya wanafunzi, na si ya nyuma. Washindi wakae mstari wa mbele na watu waliokuja nao. Viongozi wa serikali wasalimiwe kwa itifaki yao, lakini hotuba zao zisizidi mbili na zije baada ya tuzo. Kiongozi akichelewa, dakika thelathini zikipita, anzeni. Wazee wa miaka 75 wasikalishwe kwenye viti vya plastiki wakingoja msafara. Kila mshindi apewe dakika tano za kusema. Mwelezeni awaambie vijana jambo moja alilojifunza kazini ambalo hakufundishwa darasani.

Picha za mshindi na promosheni yake zipigwe kabla ya chakula, maana baadaye watu hutawanyika.

Baada ya sherehe

Ndani ya wiki mbili, waandikieni wote waliopendekeza majina, hasa wale ambao mtu wao hakuchaguliwa. Waambieni kwamba faili la mtu wao litabaki hai miaka mitatu, na kwamba wanaweza kuongeza habari mpya. Mwombeni kila mshindi arudi mara moja katika mwaka unaofuata, akae na wanafunzi wa sehemu yake darasani, bila kamera.

Fungueni daftari moja kubwa: majina ya washindi, maneno ya sifa yaliyosomwa, wajumbe wa jopo, hesabu ya pesa. Alama za wagombea ziwekwe kando, zimefungwa. Nakala moja ya daftari iende maktaba ya chuo, nyingine kwa mwenyekiti mpya, na ya tatu kwa mwanakomite anayekaa nje ya Lubumbashi.